Plastidi za Seli za Mimea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hufundishwa plastidi kama orodha ya kukariri: ya kijani ni kloroplasti, ya rangi nyingine ni kromoplasti, isiyo na rangi ni leukoplasti. Orodha hiyo haina kosa kubwa, ila inaficha jambo lenyewe. Hizi si oganeli (viungo vidogo vya ndani ya seli) tofauti zilizozaliwa mbalimbali. Ni oganeli moja inayobadilika umbo na kazi kulingana na seli ilimo. Ukilishika hilo, maswali mengi yaliyo hapa chini yanajibika karibu yenyewe.

## Misingi

Plastidi ni nini hasa?

Ni oganeli ya seli za mimea na mwani, iliyozungukwa na tando mbili, yenye DNA yake na ribosomu zake. Watu huihusisha na usanisinuru tu, lakini kazi zake ni nyingi kuliko hiyo. Ndani yake ndimo mmea unamoundia asidi za mafuta, wanga, karotenoidi (rangi za manjano hadi nyekundu) na sehemu kubwa ya asidi amino. Hatua za mwanzo za kutengeneza baadhi ya homoni, kama jibereli na asidi ya absisiki, nazo hufanyika humo.

Ndiyo maana seli ya mzizi iliyo gizani maisha yake yote bado inahitaji plastidi. Kukosa mwanga hakuiondolei haja ya mafuta ya kujengea tando zake.

Kuna aina ngapi za plastidi?

Jibu la darasani ni tatu, kwa kufuata rangi. Jibu linalofaa zaidi kazini hufuata hali na kazi. Proplastidi ni hali changa. Etioplasti ni ya seli ya jani iliyokulia gizani. Kloroplasti hufanya usanisinuru. Kromoplasti hubeba karotenoidi. Leukoplasti ni kundi la zisizo na rangi, ambamo kuna amiloplasti za wanga, elaioplasti za mafuta na proteinoplasti za protini. Na gerontoplasti ni kloroplasti iliyoingia uzeeni.

Usishangae ukikuta kitabu kimoja kikihesabu tano na kingine nane. Mipaka kati ya aina hizi ni ya kwetu sisi tunaozipanga. Ndani ya seli kuna hali za katikati nyingi, kwa mfano plastidi ya kijani iliyojaa wanga.

Seli moja huwa na plastidi ngapi, na je, kila seli inazo?

Seli changa ya ncha ya shina au mzizi kwa kawaida ina proplastidi kama 10 hadi 20. Seli ya mesofili (tishu ya kati) ya jani lililokomaa huwa na kloroplasti makumi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 100. Kwa upande wa mwani, Chlamydomonas ana kloroplasti moja tu yenye umbo la kikombe, na Spirogyra ana utepe unaojizungusha ndani ya seli.

Karibu kila seli hai ya mmea ina plastidi za aina fulani. Mishipa ya zailemu (inayosafirisha maji) iliyokomaa haina, kwa sababu seli zake zimekwisha kufa.

Kwa nini plastidi ina DNA yake?

Kwa sababu ilitokana na sianobakteria (bakteria anayefanya usanisinuru) aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, akabaki humo hai. Wazo hilo lilitolewa na Konstantin Mereschkowski mwaka 1905, likapuuzwa kwa miongo, kisha Lynn Margulis akalifufua kwa nguvu mwaka 1967. Ushahidi wake leo ni mzito. Ribosomu za plastidi ni za ukubwa wa 70S kama za bakteria, antibiotiki zinazozuia ribosomu za bakteria huzizuia na hizo, na plastidi hugawanyika kwa kutumia protini ya FtsZ, ileile inayotumiwa na bakteria kujigawa.

Jenomu (DNA yote) ya plastidi katika mimea mingi ya nchi kavu ina jozi za besi kati ya 120,000 na 160,000, na jeni kama 100 hadi 120. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya jeni alizokuwa nazo sianobakteria wa mwanzo. Nyingine zilipotea, na nyingi zilihamia kwenye kiini cha seli. Protini zaidi ya 2,000 zinazofanya kazi ndani ya plastidi huundwa nje, kwenye saitoplazimu, kisha huingizwa kupitia milango miwili ya protini: Toc kwenye utando wa nje na Tic kwenye utando wa ndani.

Je, seli inaweza kuunda plastidi mpya kutoka mwanzo?

Hapana. Plastidi hutoka kwa plastidi nyingine iliyogawanyika. Seli iliyopoteza plastidi zake zote haina njia ya kuzirudisha, hata kama kiini chake kina jeni zote zinazohitajika.

Kloroplasti ikitolewa nje ya seli itaendelea kufanya kazi?

Kwa saa chache, ndiyo. Majani husagwa yakiwa baridi katika myeyusho wenye sorbitoli ya takriban 0.3 M, huchujwa kwa kitambaa chepesi, kisha kloroplasti hushushwa chini kwa mashine ya kuzungusha. Makosa mawili ndiyo huharibu zoezi hili mara nyingi. La kwanza ni kutumia maji matupu: maji huingia kwa osmosi na tando hupasuka. La pili ni kuacha joto lipande, vimeng'enya vilivyotoka kwenye vakuoli (mfuko wa maji wa ndani ya seli) vikaanza kuzila.

Haiwezi kuishi muda mrefu kwa sababu haijitoshelezi. Mfano mzuri ni Rubisco, kimeng'enya kinachonasa kabonidioksaidi. Kipande chake kikubwa huundwa kwa jeni ya plastidi, kipande kidogo kwa jeni ya kiini. Upande mmoja ukikosekana, hakuna kimeng'enya.

## Aina kwa undani

Proplastidi ina kazi gani ikiwa haijawa kitu?

Ni ndogo, kwa kawaida chini ya mikromita 1, na haina mpangilio mkubwa ndani. Lakini haijalala. Seli za ncha zinazokua zinagawanyika kwa kasi na zinahitaji asidi za mafuta na asidi amino, na proplastidi ndizo zinazozitoa.

Ndani ya kloroplasti kuna nini?

Kloroplasti ya jani ina umbo la dengu, urefu wa mikromita 5 hadi 10. Ndani ya tando mbili za nje kuna majimaji yaitwayo stroma, na ndani ya stroma kuna mfumo wa tatu wa tando: thailakoidi. Pale thailakoidi zinapopangana moja juu ya nyingine huitwa grana.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Klorofili iko kwenye tando za thailakoidi. Hapo mwanga hunaswa, maji hupasuliwa, oksijeni hutoka, na ATP na NADPH, molekuli zinazobeba nishati, hutengenezwa. Kabonidioksaidi hugeuzwa kuwa sukari kwenye stroma, aliko Rubisco. Mchana sehemu ya sukari hiyo huwekwa papo hapo kama chembe za wanga, na usiku wanga huo humeng'enywa na kusafirishwa. Kwa hiyo kuona wanga ndani ya kloroplasti si kosa, na hakuifanyi amiloplasti.

Etioplasti hutokea lini?

Pale mche wa mmea unaotoa maua unapokua gizani. Katika mimea hiyo hatua moja ya kutengeneza klorofili huhitaji mwanga: kimeng'enya kiitwacho POR hukigeuza kitangulizi cha klorofili kwa msaada wa mwanga wenyewe. Bila mwanga kitangulizi hurundikana pamoja na POR katika umbo la kimiani lililopangika kama fuwele.

Mche wa gizani huwa wa manjano hafifu, mrefu na dhaifu. Utoe mwangani: kimiani huanza kusambaratika mara moja, kijani huonekana ndani ya saa chache, na thailakoidi zilizopangika hufuata. Misonobari ni tofauti, kwani ina njia ya pili ya kutengeneza klorofili isiyohitaji mwanga, na miche yake hupata kijani hata gizani.

Kromoplasti zote zinafanana?

Hazifanani kabisa. Kinachoziunganisha ni karotenoidi. Namna ya kuzihifadhi hutofautiana. Katika petali nyingi rangi imo kwenye vitone vya mafuta. Katika pilipili hoho nyekundu imo kwenye nyuzi au mirija myembamba. Katika mzizi wa karoti karotini huganda kuwa fuwele, na fuwele ndizo zinazoipa kromoplasti umbo lake la ajabu, wakati mwingine kama sindano na wakati mwingine kama kipande cha utepe. Nyanya nayo huweka fuwele za likopeni.

Kazi yake kubwa kwa mmea ni kuvuta wachavushaji na wanyama wanaosambaza mbegu. Kwa karoti maelezo hayo hayafai, maana mzizi uko chini ya udongo. Rangi yake kali ni matokeo ya uteuzi wa wakulima.

Leukoplasti zinatofautianaje?

Amiloplasti ndizo muhimu kuliko zote. Hujaza viazi, nafaka na mizizi mingi. Wanga wake ni mchanganyiko wa amilosi na amilopektini, na uwiano wa viwili hivyo hubadilisha rangi utakayoiona kwenye kipimo cha iodini (tazama sehemu ya hadubini).

Kazi ya pili ya amiloplasti haifundishwi vya kutosha. Kwenye kofia ya mzizi kuna seli maalumu ambamo amiloplasti nzito huzama upande wa chini. Ukilaza mche, ndani ya dakika chache amiloplasti huangukia ukuta uliokuwa wa pembeni, homoni ya oksini hugawanywa upya, na mzizi huanza kupinda kuelekea chini. Mimea ya Arabidopsis (mmea mdogo unaotumiwa sana maabara) iliyopoteza uwezo wa kutengeneza wanga bado hupinda, lakini kwa ulegevu. Hiyo inaonyesha kwamba uzito wa wanga unasaidia sana, ijapokuwa si wanga peke yake unaohusika.

Elaioplasti huhifadhi mafuta, na zinajulikana zaidi katika seli zinazolisha chavua inayokomaa. Proteinoplasti zina protini zilizorundikana, mara nyingi kama fuwele. Plastidi za aina nyingine pia huweza kubeba protini hivyo, kwa hiyo jina hili litumie kwa tahadhari.

Gerontoplasti ni kloroplasti iliyokufa?

Bado. Ni kloroplasti inayobomolewa kwa utaratibu. Thailakoidi hupungua, vitone vya mafuta hukua, klorofili huvunjwa na karotenoidi zilizokuwapo tangu mwanzo huonekana. Mmea una sababu nzuri ya kutofanya haraka: sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani, karibu robo tatu, imo ndani ya kloroplasti, na inapaswa kurudishwa shinani kabla jani halijaanguka.

Hadi hatua fulani mwendo huu hurudi nyuma. Jani la tumbaku lililoanza kuwa la manjano linaweza kupata kijani tena shina likikatwa juu yake.

## Kugeuka kutoka aina moja hadi nyingine

Nyanya inapoiva, kloroplasti hufa na kromoplasti mpya huzaliwa?

Hapana, ni plastidi zilezile. Klorofili huvunjwa, grana husambaratika, likopeni hurundikana. Ukichunguza tunda lililo katikati ya kuiva utaziona plastidi zenye kijani na wekundu kwa pamoja, na hiyo ndiyo picha bora kuliko zote za kumwonyesha mwanafunzi anayedhani aina hizi ni vitu viwili.

Kwa nini kiazi hugeuka kijani kikiwekwa mwangani, na je, ni sumu?

Amiloplasti za seli zilizo chini ya ganda huanza kuunda thailakoidi na klorofili, na kugeuka kloroplasti zenye chembe za wanga ndani. Klorofili yenyewe haina madhara. Tatizo ni kwamba mwanga uleule huchochea pia solanini na chakonini, ambazo ni sumu. Mambo haya mawili hutokea pamoja lakini kwa njia tofauti za kikemia, kwa hiyo kijani ni dalili ya hatari, si kipimo chake.

Kupika hakuziondoi sumu hizo vya kutosha. Ukiona eneo dogo la kijani, kata kwa kina pamoja na macho yaliyochipua. Kiazi chenye kijani kingi au ladha chungu kitupwe. Kinga ni kuhifadhi gizani.

Kromoplasti inaweza kurudi kuwa kloroplasti?

Inaweza. Machungwa ya aina ya Valencia yaliyokwisha kupata rangi ya chungwa hurudi kijani kiasi yakiachwa mtini hali ya hewa ikipata joto. Bega la karoti lililochomoza juu ya udongo likapata jua nalo huwa kijani.

## Chini ya hadubini

Nitumie nini kuona kila aina?

Kloroplasti: chukua jani changa la mmea wa majini wa Elodea, liweke zima juu ya slaidi katika tone la maji, funika. Halihitaji kukatwa kwa sababu lina tabaka mbili tu za seli. Anza na ukuzaji wa mara 100, kisha 400. Ukingoja dakika chache chini ya taa, kloroplasti zitaanza kuzunguka pembeni mwa seli zikibebwa na saitoplazimu.

Kromoplasti: kwangua nyama laini kidogo iliyo chini ya ganda la nyanya iliyoiva, au bandua utando mwembamba wa pilipili hoho nyekundu. Usibonyeze kifuniko kwa nguvu. Seli za nyanya hupasuka na fuwele huelea ovyo.

Amiloplasti: kwangua uso wa kiazi kilichokatwa karibuni kwa wembe, weka tone la maji, tazama kwanza bila rangi. Punguza mwanga wa hadubini, utaona duara za tabaka ndani ya kila chembe, zikizunguka kitovu kilicho kando. Baada ya hapo ndipo uweke iodini.

Leukoplasti zisizo na akiba ndizo ngumu. Jaribu ngozi ya chini ya jani la Tradescantia zebrina: ni vijiduara vinavyong'aa vilivyokizunguka kiini cha seli.

Iodini imefanya kila kitu cheusi. Nimekosea wapi?

Imezidi. Ipunguze hadi ifanane na chai nyepesi, weka tone moja ukingoni mwa kifuniko, na livute kwa kipande cha karatasi ya kunyonya upande wa pili. Chembe zitapita kutoka buluu hafifu hadi zambarau mbele ya macho yako.

Ukipata rangi ya hudhurungi yenye wekundu badala ya buluu, huenda wanga wako hauna amilosi, kama ilivyo kwa aina za nafaka zenye wanga wa kunata. Amilopektini peke yake haitoi buluu.

Mbona sioni grana wala tando mbili?

Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takriban mikromita 0.2. Kwa lenzi nzuri grana huonekana kama madoadoa tu. Tando mbili zinahitaji hadubini ya elektroni. Usichore usichokiona.

Kipimo cha wanga kwenye jani hakikutoa jibu nililotarajia.

Kama jani lililofunikwa nalo lilikuwa jeusi, halikumaliza wanga wa awali: mmea ukae gizani saa 24 hadi 48 kabla ya zoezi. Kama jani la mwangani halikubadilika, pengine klorofili haikutoka yote. Lichemshe kwanza kwenye maji kama dakika moja ili kuua seli, lihamishie kwenye spiriti iliyo ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, jiko likiwa limezimwa, kwa sababu mvuke wa spiriti hushika moto kirahisi, kisha lisuuze ili lilainike.

Kuna sababu ya tatu. Jani la kitunguu halihifadhi wanga, huweka sukari. Litatoa jibu la hapana hata kama linafanya usanisinuru vizuri kabisa.

## Kesi zinazochanganya

Bitiruti na kabichi ya zambarau zina kromoplasti?

Rangi hizo hazitoki kwenye plastidi. Bitiruti lina betalaini na kabichi ina anthosianini, na zote huyeyuka katika maji ya vakuoli. Kuna jaribio rahisi: loweka kipande kwenye maji ya moto. Rangi ya vakuoli hutoka na kuyapaka maji. Karotini ya karoti hubaki ndani kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta. Jani jekundu au la zambarau pia lina kloroplasti kama kawaida, anthosianini imezifunika tu.

Kwa nini kipandikizi cha jani lenye mabaka hutoa mmea wa kijani mtupu?

Sehemu nyeupe ina plastidi, lakini haziwezi kutengeneza klorofili. Mimea mingi ya aina hii ina tabaka za seli zenye plastidi nzima na nyingine zenye plastidi zenye kasoro. Sansevieria yenye kingo za manjano ikioteshwa kwa kipande cha jani, chipukizi huanzia kwenye tabaka la kijani na kingo hupotea. Gawa shina la chini ya udongo badala ya kukata jani. Na tawi la kijani likichipua kwenye mmea wa mabaka, liondoe mapema, kwani lina nishati zaidi na litawashinda wenzake.

Kwa mbegu, tazama mama. Carl Correns alionyesha mwaka 1909, kwa mmea wa Mirabilis jalapa, kwamba rangi ya mche hufuata tawi lililobeba ua lililochavushwa, si chavua. Mimea mingi ya maua ni hivyo. Pelargonium hurithi plastidi kutoka pande zote mbili, kama Erwin Baur alivyoonyesha mwaka huohuo, na misonobari hurithi kwa baba.

Kwa nini jani la mahindi lina kloroplasti za namna mbili?

Mahindi ni mmea wa C4, yaani hunasa kabonidioksaidi kwanza katika molekuli ya kaboni nne. Kloroplasti za mesofili zina grana lakini hazina Rubisco. Zile za seli zinazozingira mishipa zina Rubisco na wanga, lakini karibu hazina grana, hivyo hutoa oksijeni kidogo sana karibu na kimeng'enya kinachosumbuliwa na oksijeni.

Ni kweli kwamba kimelea cha malaria kina plastidi?

Ni kweli. Plasmodium ana apikoplasti, yenye tando nne kwa sababu ilitokana na mwani uliokuwa tayari na plastidi. Haifanyi usanisinuru. Jenomu yake ina jozi za besi kama 35,000. Doksisaiklini na klindamaisini huzuia ribosomu zake, lakini kimelea hudhoofika katika mzunguko unaofuata, ndiyo maana zikitumika kwa tiba huambatana na dawa iendayo kasi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha maabara kwamba kimelea kilichopoteza apikoplasti huendelea kuishi katika hatua ya damu kikipewa molekuli moja tu, kitangulizi cha isoprenoidi kiitwacho IPP.

Mmea wa kimelea usio na kijani bado una plastidi?

Unazo. Epifagus virginiana, unaonyonya mizizi ya miti, hana usanisinuru na jenomu yake ya plastidi imepungua hadi jozi za besi kama 70,000. Jeni za kunasa mwanga zimekwenda. Miongoni mwa zilizobaki ni accD, inayohusika na hatua ya kwanza ya kuunda asidi za mafuta.